Ngoma Zilizokataa Kuzimika

Tik, tik, tik, tik. Hadi leo nikisikia kompyuta ya mtu ikihesabu midundo minne kabla ya wimbo, mgongo unanikaza. Msinicheke. Hamkuwapo siku ile chumbani kwa Warsame.

Warsame ni kaka yangu. Alipiga kinanda kwenye harusi za Garissa, na nilipokuwa na miaka tisa akapata laptop kuukuu yenye programu ya kumsindikiza: ngoma, besi, gitaa, bendi nzima isiyokula pilau ya watu. Siku tatu alihangaika na nyaya. Alichomeka OUT kwenye OUT, akalaani, chumba kikanuka plastiki iliyopata moto. Alipong'amua kwamba kinachotoka kwenye kinanda lazima kiingie kwenye kompyuta, alicheka peke yake kama mwehu. Tangu hapo ukigusa kibonye kimoja tu, kompyuta inahesabu minne, bendi inaanza.

Aabo, baba yetu, alikubali kwa shingo upande, kwa sharti moja. "Siku nitasikia hii kitu juu ya adhana," alimwambia, "nitaifunja, na wewe nikufunje."

Alhamisi moja jioni Warsame alitoka kuchukua udhu, akaacha kila kitu kimewaka. Keshokutwa yake alikuwa apige kwenye harusi ya mfanyabiashara wa ngamia, kubwa kuliko zote alizowahi kuitiwa. Nikanyata, nikapiga kwa kidole kimoja kiwimbo chetu cha kuruka kamba, nikikosea palepale ninapokosea siku zote. Bendi ikanifuata. Wallahi nilijiona malkia!

Ndipo adhana ya Magharibi ikaanza. Nikazima kinanda. Ngoma zikaendelea! Nikachomoa waya wa umeme, nikakipiga makofi, ngoma ndiyo kwanza zapamba moto. Sikujua kwamba zilitoka kwenye kompyuta. Nikasikia malapa ya Aabo uani, nikajitosa uvunguni mwa kitanda.

Aliingia na fimbo yake ya kuchungia. Pigo la kwanza lilitawanya vibonye sakafuni kama meno. Laptop ikaanguka, ikanyamaza. "Nani amefungua?" Nikaona magoti yake yakianza kukunjika, anainama.

"Ni mimi, Aabo!" Warsame aliingia mbio, mikono ikichuruzika maji. Fimbo ikamgeukia. Nilihesabu mapigo hadi hesabu ikanishinda. Alikinga uso, na nikasikia kidole kikivunjika, ko, kama kijiti kikavu. Damu ilitiririka hadi karibu na pua yangu. Hooyo, mama yetu, alikuja akipiga mayowe, akaning'inia kwenye fimbo. Mimi nilikuwa nimeuma ushungi wangu, kimya. Aibu hiyo ninayo bado.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema watu. Kwetu kilivunjika kidole, tena si cha aliyekosa. Harusi ilipigwa na mtu mwingine.

Miaka yote nilijifariji kwamba Warsame alidhani amesahau kuzima mwenyewe. Mwezi uliopita nilimtembelea dukani kwake Wajir, anakotengeneza simu. Kwa kidole chake kilichopinda akafungua faili la zamani, aliloliokoa kwenye ile laptop, lenye jina langu. Tik, tik, tik, tik, kisha kiwimbo changu na kosa lake. Kumbe programu ilikuwa inarekodi.

"Ulijua lini?" nilimuuliza.

"Nikiwa bado bombani, abaayo, dada yangu. Nani mwingine hukosea pale?"

Nikalia mbele ya wateja wake. Miaka yote nilidhani alikuwa akikimbilia kinanda.