Kibuyu Ndani ya Maktaba

Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango wa tumbo la mama yake. Kazini walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa tabia yake ya kupenya palipowashinda wengine. Mama yake, akiulizwa binti anafanya kazi gani, alijibu bila kupepesa macho, "Anahamisha maktaba." Majirani wakampa pole. Mmoja hata akaleta dawa ya kuchua mgongo.

"Mama, si maktaba za vitabu," Kitinda alimwambia huku akicheka. "Watu huandika programu za kufanya kazi fulani, wakaziacha wazi, anayetaka achukue, arekebishe, atumie. Fungu la programu hizo ndilo tunaloliita maktaba. Ila zimeandikwa kwa ajili ya kompyuta kubwa. Mimi nazihamishia kwenye vikompyuta vidogo kama kucha."

"Na wameziacha bure?"

"Bure."

"Basi duniani bado kuna watu wenye roho nzuri. Na hiyo dawa usiirudishe, nitajipaka mimi."

Kazi yenyewe ilikuwa katika chumba kimoja juu ya duka la vioo. Huko, Mhandisi na wenzake wachache walikuwa wakiunda kitanda cha kuwapasha joto watoto njiti. Ndani ya tumbo la kitanda mlikuwa na kikompyuta chenye mfumo endeshi mdogo na kumbukumbu finyu. Kuhamishia maktaba humo ni kama kumhamisha tajiri kwenye chumba cha kupanga: lazima achague, ama kabati ama kitanda.

Shida yao ilikuwa kihisi joto, kile kidude cha kupima joto la kitanda. Kilikuwa kinarukaruka kama panzi. Mara joto limezidi, mara limeshuka, na kitanda kikawa kinawaka na kuzima ovyo. Ilihitajika maktaba ya kuchuja vipimo hivyo. Kitinda akatafuta, akapata moja iliyosifiwa. Mtunzaji wake alijitambulisha kwa herufi mbili tu, wala hakuweka picha.

Akaanza kuisoma mstari kwa mstari. Majina yote yalikuwa ya Kiingereza, hadi alipofika mahali ambapo vipimo huhifadhiwa kwa muda kabla ya kutolewa. Pale mwandishi alikuwa ameandika neno moja: kibuyu.

Kitinda akainuka kitini. Akaketi tena.

"Vipi, umepigwa shoti?" Mhandisi akauliza.

Kitinda alikuwa amerudi utotoni, amekalia ndoo iliyopinduliwa kando ya kaka yake mkubwa, mbele ya kompyuta kuukuu iliyounguruma kama mashine ya kusaga. "Hapa ni kibuyu," kaka alimwambia, kidole kiooni. "Unajaza, unamimina. Ukijaza kupita kiasi kinamwaga, na programu inakufa." Neno hilo alilibuni mwenyewe. Kitinda hakuwahi kulisikia kwa mtu mwingine yeyote wa fani hiyo.

Kaka alikwenda ng'ambo kusoma, akabaki kufanya kazi. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili, kisha mara moja moja. Baba yao alipofariki alipiga, akalia bila kusema neno, na tangu hapo namba yake haikupatikana tena. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Kimya kiliota tu, kama majani kwenye njia isiyopitwa. Mama aliacha hata kumtaja, ila kila alipofua shuka zake alifua na za kitanda cha mwanawe, kitanda ambacho hakuna aliyekilalia.

Anwani ya mtunzaji haikuwepo. Palikuwapo ule uwanja wa wazi tu, ambapo yeyote hupeleka marekebisho ya maktaba na mtunzaji akayakagua. Kitinda aliogopa kupaza sauti, "Kaka!" mbele ya kadamnasi, huenda angeruka kama ndege aliyeshtuliwa. Akapiga moyo konde, akafanya kazi. Kibuyu kilikuwa kikubwa mno kwa kikompyuta chao. Akakiandika upya ili kichukue ukubwa kulingana na nyumba kilimowekwa, akajaribu hadi kikakubali, akatuma. Maelezo aliyaandika kwa Kiingereza, na mwishoni akaongeza mstari mmoja wa Kiswahili: "Kibuyu kilikuwa kinamwaga."

Siku zikapita. Kila saa alifungua ukurasa ule, kama mpishi mwenye njaa anayefunua sufuria na kuzidi kuichelewesha.

"Mbona huli?" mama akauliza.

"Kazi tu, mama."

Jibu lilikuja mchana mmoja, la Kiingereza, kavu kama mfupa. Marekebisho ni mazuri, lilisema, ila umesahau kuangalia kihisi kikichomoka itakuwaje. Rekebisha, ulete tena. Hapakuwa na neno moja la Kiswahili.

Kitinda alinywea. Mhandisi, ambaye kufikia hapo alikwisha kusimuliwa yote, akavuta kiti.

"Amekukosoa?"

"Amenikosoa."

"Asiyekujali hakukosoi, Sindano. Angekubali tu yaishe. Rekebisha, peleka."

Akapeleka. Jibu likarudi na kasoro nyingine. Akapeleka tena. Wakaenda hivyo, kama watu wawili wanaobeba kabati zito, kila mmoja upande wake, bila kuonana uso. Hatimaye mtunzaji akayapokea marekebisho, na chini ya neno la kukubali akaandika kwa Kiswahili: "Bado unakalia ndoo?"

Kitinda alicheka, na machozi yakamtoka papo hapo. Akajibu: "Siku hizi nina kiti. Mama yupo, mzima. Namba ya nyumbani ni ile ile."

Simu ililia Jumamosi, mama akiwa anachambua mchele, na Kitinda akaipokea.

"Kitinda."

"Abee, kaka."

Kaka akauliza, "Mama atakubali kuongea na mimi?"

"Muulize mwenyewe."

Mama alipokea simu kwa mikono miwili. Hakulia, hakumgombeza. Akauliza, "Umekula?"

Upande wa pili ukasikika ukilia. Maneno yakaja vipande vipande: kwamba siku baba alipozikwa hakuwa na karatasi halali, angetoka asingeweza kurudi, na hakuwa na pa kuanzia. Akaona aibu. "Kila siku nilisema nitapiga kesho, mama. Kesho ikarefuka."

"Unakuja lini?"

"Sijui, mama. Karatasi bado sijapata."

"Haya," mama akasema polepole. "'Sijui' nayo ni habari. Nilikuwa sina hata hiyo."

Kitanda kilipelekwa hospitalini, na Kitinda akaalikwa kushuhudia. Muuguzi alimlaza humo mtoto wa kike mdogo kama ngumi mbili, na namba ya joto pale kiooni ikatulia tuli. Kitinda aliipiga picha namba ile tu, akamtumia kaka yake. Kaka akajibu kwamba ameshinda akiitazama kazini hadi wenzake wakadhani ni namba ya bahati nasibu.

Hajarudi. Wakili anasema subiri, ofisi inasema subiri. Jumapili alasiri hupiga simu, wakaongea wee hadi maneno yakaisha. Hapo mama humwambia, "Usikate. Iweke hapo mezani, endelea na shughuli zako."

Naye huiweka. Mama huegemeza sikio, macho ameyafumba. Husikika bomba likifunguliwa, dirisha likisukumwa, mtu akikohoa mbali sana.

"Anaosha sufuria," mama alimnong'oneza Kitinda Jumapili iliyopita. "Sikiliza anavyoisugua. Kama baba yake, utadhani imemkosea."

Kitinda akasogeza kiti karibu na cha mama, wakasikiliza wote wawili.