Bambo Kwenye Gunia la Baba

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ghala la mahindi pale Iringa mjini, Mkuu wa Ghala hakunipa kiti. Alinipa bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, kinachochomwa kwenye gunia kutoa sampuli ya ndani.

"Stashahada yako ya ununuzi na ugavi iweke mfukoni," alisema. "Hapa tunasoma kwa meno."

Punje kavu ukiitafuna hupasuka. Mbichi hubonyea, na ikiingia ghalani huozesha nyingine. Nilijifunza haraka kuliko wote. Sikubebwa na mjomba yeyote; ada nilijilipia kwa kupakia nyanya Ilula. Baadaye nilihamishiwa Mbeya nikawa Ofisa Ununuzi, kisha Ofisa Usafirishaji, nikipanga safari za malori zilizowashinda wenye digrii.

Lakini kabla sijahama, baba alikuja na magunia yake kwenye pikapu ya jirani. Foleni nzima ilimjua. Nilichoma bambo, nikatafuna. Punje ikabonyea.

"Mzee, haya yarudi yakaanikwe."

"Mzee? Leo mimi ni mzee tu kwako?"

Mkuu wa Ghala akaninong'oneza, "Wewe, si baba yako huyo? Yashushe, yataanikwa hapa uani."

"Jana tumemrudisha mwingine, bosi. Naye ana watoto."

Yalirudi, na mvua ikayanyeshea njiani. Jumamosi nilipokwenda nyumbani, mama alitenga ugali. Baba akausogeza mbele yangu.

"Karibu, Ofisa. Au utauchoma bambo kwanza?"

Wadogo zangu walicheka. Yeye hakucheka. Hakuleta tena gunia pale ghalani, na mpaka tunamzika hakuniita mwanangu. Aliniita Ofisa.

Vijana huniuliza washike lipi: ghala, ununuzi au usafirishaji. Yote yanalisha. Malori yatakunyima usingizi, ununuzi utakuletea marafiki usiowahitaji. Ila kwenye mapokezi ya ghala ndiko utakakokutana na watu wa kwenu.

Nimestaafu, nimerudi kijijini, na nyumba kubwa kuliko zote hapa ni yangu. Binti yangu naye ana stashahada. Yuko mapokezi, ghala lile lile. Kazi nilimfundisha mwenyewe, na hapendelei mtu.

Msimu huu alinipigia simu. "Baba, lete mahindi huku. Walanguzi watakupunja."

"Nitaleta, mama."

Niliyaanika upya. Nilitafuna punje za kila gunia mpaka taya zikauma, na zote zilipasuka. Kulipokucha nikamwita mlanguzi, akayapakia yote.