Siku Niliyomtaja Bi Eva

Wiki iliyopita nilikuwa Hamriya, hapa Maskati, kwenye duka la mboga nyuma ya mtaa wa mafundi cherehani, nachagua bamia. Muuzaji akaja na fungu la shibiti mbichi, bado linachuruzika maji, akalibwaga mbele yangu. Kwa asiyeijua, shibiti ni yale majani membamba kama nywele ambayo Waajemi hutia kwenye wali. Harufu yake ikanipanda puani. Niliziacha bamia pale pale, nikatoka nje nikasimama juani kama mtu aliyesahau alikoegesha gari. Mnisamehe, wasomaji wangu. Haya nimekaa nayo miaka mingi, na sijui kama nitaweza kuyapanga vizuri.

Nilikuwa na miaka kumi. Tukikaa hapo hapo Hamriya, ghorofa ya pili, mimi na baba na mama na Bibi, mzaa mama, aliyetoka Unguja baada ya Mapinduzi. Ngazi za jengo letu zilikuwa zikinuka vitunguu vya nyumba kumi kwa pamoja. Mlango unaotazamana na wetu alikaa Bi Eva. Mumewe alikuwa mhandisi, Mwingereza mrefu wa maneno machache. Ofisi yao ilikuwa mtaa wa Ghala, lakini kazi ilimchukua jangwani wiki tatu, akarudi nyumbani wiki moja. Bi Eva mwenyewe hakuwa Mwingereza. Alizaliwa Hungaria, nchi ambayo mimi niliijua kwa sababu yake tu. Watoto wa jengo tulikwenda kwake alasiri kujifunza Kiingereza, tukizunguka meza yake ya kulia.

Roshani yake ilikuwa na chupa kubwa za achari ya matango. Alitia chumvi, kitunguu thomu, shibiti nyingi, na juu kabisa kipande cha mkate. Kwao, alisema, achari hiyo ilihitaji wiki nzima kuiva; kwa jua la Maskati siku mbili zilitosha. Bibi alipouona ule mkate unaelea alitikisa kichwa, "Masikini, hakufunzwa kupika." Lakini kila tulipoletewa bakuli, ya kwanza kumalizika ilikuwa sahani ya Bibi.

Siku moja, shule ndiyo kwanza zimefunguliwa na joto bado halijapungua, nilikwenda kumrejeshea kitabu. Nilimkuta amekaa, midomo imemkauka. Mezani palikuwa na mshumaa ndani ya gilasi, unawaka mchana kweupe. Alinipa maji, yeye hakunywa. Mimi mtoto wa Kiislamu, kumtambua mtu aliyefunga ni jambo jepesi.

"Umefunga," nikamwambia. "Lakini Ramadhani bado."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. Nadhani njaa na upweke vilimlegeza ulimi. Aliniambia kuwa yeye ni Myahudi, na kwamba siku ile Mayahudi hufunga kutwa nzima na kumwomba Mungu maghufira. Hakuwa mtu wa ibada sana, alisema, ila siku hii moja hakuiacha, kwa sababu ndiyo siku aliyomkumbuka mama yake naye amefunga, akiwa na njaa kwa hiari yake.

Akaniambia na mengine. Alipokuwa na miaka minane kulikuwa na vita, na Mayahudi wa mji wao walikuwa wakichukuliwa. Lori lilikuja asubuhi mtaani kwao, likaenda, likarudi tena. Kabla halijafika mlangoni kwao, mama yake alimkabidhi kwa mwanamke wa kijijini, mshona nguo, Mkristo, aliyemwita kwa jina la binti yake aliyekufa. Jina hilo ndilo Eva. Alijifunza sala za watu wale usiku na mchana ili asikosee mbele ya jirani. Mama yake hakurudi. Jina lake la kuzaliwa aliniambia kwa sauti ndogo, mara moja. Hapa sitaliandika. Niliwahi kulitoa, inatosha.

"Hili liwe letu wawili," akasema. Nikaapa.

Niliweza kukaa na siri ile siku kumi na moja. Nawaambieni, zilikuwa siku ndefu. Nilikuwa mtoto asiyejulikana darasani, si mwerevu wala mjinga, na sasa nilikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine alikuwa nacho. Abla, mwalimu wetu wa dini, alikuwa akisomesha sira ya Mtume, habari za Mayahudi wa Madina. Akauliza, kama mtu anavyouliza nani amewahi kuona jini, "Kuna kati yenu aliyemwona Myahudi kwa macho yake?"

Nikanyoosha mkono.

"Mimi, Abla! Jirani yetu. Ananisomesha Kiingereza. Achari yake nzuri sana."

Darasa likacheka. Mimi nikadhani wanacheka kwa sababu hawaniamini, basi nikaongeza jina la mume, nikaongeza jengo, nikaongeza na lile jina la kuzaliwa. Abla alinitazama, akafunga kitabu. "Kaa kitako," akasema, akaanza somo jingine. Lakini tulikuwa wasichana thelathini mle ndani, na wawili walikaa jengo letu.

Kesho yake watoto watatu hawakwenda kwa Bi Eva. Kesho kutwa hakwenda mtu. Mama mmoja alikirejesha kitabu alichoazimwa mwanawe, akakiweka juu ya mkeka wa mlangoni na kushuka bila kupiga hodi. Kisha ukutani kwenye ngazi pakaandikwa kwa chaki neno moja, "Yahudi", chini chini, kimo cha mkono wa mtoto. Nilichungulia kwenye tundu la mlango wetu nikamwona Bi Eva mwenyewe analifuta kwa kitambaa kibichi. Alipolimaliza aliendelea kufuta ukuta uliokuwa hauna kitu.

Hakukuwa na zaidi ya hayo. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemgusa. Lakini chupa zikaondoka roshani, na mapazia yakafungwa mchana. Mimi nikawa sina pa kukaa. Kila hatua kwenye ngazi niliihesabu mpaka ipite mlango wake. Kila gari likisimama chini nilikimbilia dirishani, kwa sababu kwa akili yangu ya miaka kumi mambo yana utaratibu: mtu akitajwa, lori huja.

Na lori likaja. Ilikuwa asubuhi ya Ijumaa, nikasikia breki, nikasikia chuma kinagonga chuma na wanaume wanaitana. Kumbe ni lori la mitungi ya gesi, lile lile la kila wiki. Sikungoja kulijua. Bibi alinikuta chini ya kitanda chake, nimeuma shuka, na ilibidi anivute mguu kunitoa.

"Nasra! Nini umefanya?"

Nikamwambia yote. Nilitarajia kofi, na kofi lingenipoza. Bibi akakaa kitandani taratibu, rangi imemtoka.

"Ulimtaja kwa jina?"

"Ndiyo, Bibi."

"Vaa viatu."

Akajitanda buibui lake. Mama akatokeza jikoni na mwiko mkononi, akauliza tunakwenda wapi, na kama kuna jambo basi naye aje. "Wewe baki na chungu chako," Bibi akamjibu, kwa ukali ambao sikuuzoea.

Bi Eva alifungua mlango bila kutoa mnyororo. Nililiona jicho lake moja, kisha akatufungulia. Sanduku lilikuwa limesimama ukumbini, na yeye, ambaye siku zote alitembea peku nyumbani, alikuwa amevaa viatu vya safari. Mumewe alikuwa jangwani. Alibakiza siku tano kurudi. Bibi alivuta kiti cha karibu akakaa bila kukaribishwa.

"Tafsiri," akaniambia. "Neno kwa neno. Usinipunguzie. Mwambie, mjukuu wangu amekuchongea."

Nikamwambia Bi Eva kwa Kiingereza, "Bibi anakusalimia."

Bibi hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini aliujua urefu wa maneno. "Yangu yalikuwa mengi kuliko hayo. Sema tena."

Nikasema tena, safari hii nikitazama vidole vyangu vya miguu. Bi Eva akajibu bila hasira, kama anayenisahihisha hesabu, "Najua, Nasra. Ni wewe peke yako niliyekwambia."

Hilo sikutafsiri, na Bibi hakuniuliza. Akaendelea, macho kwa Bi Eva.

"Mwambie, na mie nimepata kumficha mtu. Mume wangu. Siku zile za Mapinduzi, Unguja, watu wanatafutwa kwa majina yao na makabila yao. Nilimpandisha darini, nikaondoa ngazi. Wakaja wanaume wanne na mapanga. Nikawambia kenda shamba, hajarudi. Wakaniamini. Mwambie, waliniamini, walikuwa washatoka nje."

Nilitafsiri. Habari zile nilikuwa nazisikia kwa mara ya kwanza. Babu, kwetu, alikuwa "amefariki Unguja", na maneno yaliishia hapo.

"Wa mwisho wao," Bibi akasema, "aligeuka akamwona mtoto kasimama ukumbini. Akachutama, akamchekea. Akamuuliza, bwana mkubwa yuko wapi? Mtoto alifurahi kuulizwa kitu anachokijua. Akanyoosha kidole juu."

Kiingereza changu kikaniishia. Nikanyoosha kidole changu juu, kuonyesha. Bi Eva akaelewa. Kisha akauliza, na mimi nikawa napeleka na kurudisha maneno baina yao.

"Mtoto huyo alikuwa na miaka mingapi?"

"Minne."

"Na wewe, ulimfanya nini?"

"Nilimbeba," Bibi akasema. "Nilimbeba mpaka Dar es Salaam, na kutoka Dar mpaka hapa."

"Anajua?"

"Hajui. Na Mungu akinisaidia hatojua."

Bi Eva alijiziba mdomo kwa mkono. Alinitazama muda mrefu, si kama alivyonitazama mlangoni. Halafu akainama, akafungua kamba za viatu vyake, akavivua kimoja kimoja, akavisukuma kando na mguu.

"Mwambie bibi yako nakwenda kupika chai," akasema.

Tangu siku ile, kila baada ya sala ya alasiri, Bibi alibeba kiti chake na ungo wa mchele akakaa mbele ya mlango wa Bi Eva, mlango umeachwa wazi, anachagua mchele. Kila aliyepanda ngazi ilimbidi amsalimu, maana nani atampita mwanamke wa umri ule bila salamu? Naye aliitika, kisha akaonyesha ndani kwa kidevu. "Na jirani yangu je, humuoni?" Basi wakamsalimu na Bi Eva, wengine kwa moyo, wengine kwa kubanwa. Wiki ya tatu watoto wawili walirudi mezani. Wengine hawakurudi kamwe.

Bi Eva alikaa mpaka kiangazi, mkataba wa mumewe ulipokwisha. Lile sanduku hakulifungua muda wote huo. Alilipita ukumbini kila siku. Mimi nilirudi kwenye masomo yangu, na alinisomesha kwa uangalifu ule ule, lakini habari zake mwenyewe hakuniambia tena hata moja. Alinisamehe? Hakusema, na sikuthubutu kumuuliza. Siku ya kuondoka alimkumbatia Bibi mpaka dereva wa teksi akapiga honi. Mimi alinipa mkono, kama mtu mzima.

Nilipokuwa mtoto nilidhani kosa langu lilikwisha kwa sababu hakuna lori lililokuja. Ilinichukua miaka kuelewa kuwa mwanamke yule alikuwa ametumia miaka arobaini na zaidi kujifunza kulala bila kusikiliza ngazi, na mimi nilimrudisha alikotoka kwa kunyoosha mkono tu.

Na lingine lilichelewa zaidi. Bibi alikuwa ameshafariki, nami nina watoto wangu, nilipokuwa namjazia Mama fomu fulani. Nikamuuliza mwaka aliotoka Unguja alikuwa na miaka mingapi. "Minne," akasema. Nikamuuliza nyumbani kwao kulikuwa na watoto wangapi. Akacheka. "Watoto gani? Mie peke yangu. Sikuwa na hata wa kugombana naye."

Kalamu ilinisimama. Nikaielewa ile "baki na chungu chako". Nikaelewa kwa nini Bibi hakunipiga, na kwa nini alivuka ngazi kumwambia mgeni jambo ambalo kabla ya siku ile hakupata kumwambia mtu wa damu yake. Alikuwa anaogopa mwanamke yule asije akaondoka akimchukia mtoto wa miaka kumi. Alijua mtoto wa namna hiyo analelewa vipi. Alikuwa amemlea mmoja.

Mama alifariki mwaka jana, ndiyo maana leo naweza kuandika. Siku zake za mwisho alikuwa hatulii, anageuka upande huu na huu, anauliza mambo ya zamani. Alasiri moja alinishika mkono akaniuliza kama Bibi aliwahi kunisimulia, Babu walimpata vipi.

Nikamwambia sijui.