Kompyuta Moja, Kazi Mbili: Siku ya Dada Foleni

Saa tano kasorobo asubuhi, mwanamume asiyejulikana hapa anausukuma mlango wa duka la uchapaji bila kubisha. Jasho linamtiririka. Mkononi ana simu iliyopasuka kioo.

"Dada, kompyuta yenye kamera unayo? Nina usaili wa kazi saa tano kamili. Simu imenidondoka nikishuka kwenye gari."

Mwenye duka anageuka kuitazama meza yake. Kompyuta yenye kamera anayo, ya mezani, moja tu, nayo ina shughuli. Inaunganisha vipande vya video ya harusi, kazi ambayo yeye huiita kupika. Ukiikata katikati, unaanza upya.

"Keti," anasema hatimaye. "Tutabanana."

Wateja humwita Dada Foleni. Ana miaka arobaini na mmoja, watoto wawili, na chumba hiki chenye meza moja, printa moja na feni inayopiga kelele kuliko inavyopuliza. Kompyuta aliinunua mtumba. Ili ibebe kazi mbili kwa pamoja, alijifunza kufungua orodha ya programu zinazoendelea na kuzipangia kipaumbele: ipi isikilizwe kwanza, ipi ingoje.

Anabofya. Video ya harusi anaishusha chini ya kawaida. Programu ya mazungumzo ya video, atakayoitumia mgeni, anaipandisha ngazi moja.

"Moja tu? Ipeleke juu kabisa, dada yangu," mgeni anasihi.

Dada Foleni anacheka. "Nilishajaribu. Video fulani niliipa nafasi ya juu kuliko zote, nikidhani ndiyo bidii. Ikala kila kitu. Hata kipanya kikagoma kusogea. Nikaibembeleza kompyuta kama mtoto mwenye homa, mwisho nikachomoa waya. Yule bwana harusi mpaka leo hanisalimii."

Mgeni naye anacheka, kisha sura inambadilika. Ni muuguzi. Mkataba wake uliisha miezi saba iliyopita, na hii ndiyo hospitali ya kwanza kumwita tangu hapo.

"Picha ikigandaganda wataniona mbabaishaji," anasema. "Tafadhali, usiirudishe hiyo video juu mpaka nimalize."

"Sitaigusa. Wewe ongea na watu wako."

Wanaomhoji ni watatu. Sauti inapita safi. Anaeleza anavyompokea mgonjwa aliyeungua, mikono yake ikionyesha hewani namna ya kufunga bandeji. Pembeni mwa skrini, video ya harusi inajikokota kama konokono aliyeshiba.

Usaili ukiwa umepamba moto, mlango unafunguliwa tena. Huyu anafahamika vizuri: mpiga picha za harusi, ambaye kazi zake humpa Dada Foleni karibu nusu ya kipato. Walikubaliana achukue video saa nane. Amewahi kwa sababu wazazi wa bibi harusi wameamua kusafiri mchana.

Anachungulia skrini, anaguna. Dada Foleni anamvuta hadi mlangoni.

"Mbona bado mbichi?" mpiga picha ananong'ona. "Ipandishe."

"Saa nane itakuwa tayari, kama tulivyosema. Nikiipandisha sasa, huyu atakatika."

"Kwani huyu ni nani wako?"

"Simjui."

"Haya! Mimi unanijua. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, hawakusema mwenyeji afe njaa."

"Nimemwambia sitaigusa, kaka. Nipe nusu saa."

"Nusu saa watu wako njiani! Basi ile harusi ya Jumamosi nampelekea mwingine. Na zinazofuata."

Anasubiri kidogo, labda akitegemea atabembelezwa. Dada Foleni anatikisa kichwa. Mpiga picha anatoka, na viatu vyake vinasikika hadi mwisho wa korido ya jengo.

Mpango wa Dada Foleni ni kompyuta ya pili, ya video peke yake. Alitaraji kuinunua kabla ya mwaka kwisha, na tegemeo lake kubwa lilikuwa kazi za mpiga picha.

"Sasa labda mwakani," anajisemea kwa sauti ya chini, asimsumbue anayehojiwa. "Lakini nitainunua. Siwezi kuwabananisha watu hivi maisha yangu yote."

Kwenye skrini, mmoja wa wahoji anauliza kama muuguzi ana swali lolote. Analo. Kisha ana jingine.

Dada Foleni anatazama saa ya ukutani, anakivuta kiti chake nyuma kidogo, mbali na kipanya, anamwacha aulize.