Mashine Isiyochakaa

Kiwandani walimwita Bi Chujio, na jina likamkaa, maana hesabu ikipita mikononi mwake haikutoka na takataka. Yeye na mumewe ndio walioanzisha kile kiwanda cha sweta za shule, mume akishika mashine, mke akishika hesabu. Katikati ya ukumbi wa kufumia walisimika mashine moja kubwa waliyoinunua kwa jasho lao, na mafundi wakaipa jina la Bi Mkubwa. Bi Mkubwa akiunguruma, vikombe vya chai vilitetemeka mpaka ofisini.

Kisha mume akafa. Hata machozi hayajakauka, mdogo wa marehemu akaingia ofisini na suti mpya. Mbele ya mafundi wote akasema, "Shemeji, umechoka. Nenda nyumbani ukapumzike. Kazi hii inataka wanaume." Halafu akavuta kiti cha Bi Chujio, kile cha mbao chenye mto wa bluu alioufuma mwenyewe, akakikalia. Akakikalia, jamani, na mwenye kiti yuko pale pale, amesimama na mkoba wake! Mafundi wakatazama viatu vyao. Bi Chujio akatoka, na mlangoni akajiapiza kimoyomoyo: kiti hiki nitakirudia, na wewe utainuka hapo watu wakikutazama.

Toka siku hiyo hakutaka kingine. Wenzake wakiomba afya na wajukuu, yeye aliomba aibu ya shemeji yake, na aliiomba kwa sauti.

Kumfukuza ofisini waliweza, lakini hisa zake chache zilibaki, na mwenye hisa hanyimwi nakala ya mizania, ile karatasi ya mwisho wa mwaka inayoonyesha kampuni ina mali gani na inadaiwa nini. Kwa hiyo kila mwaka alialikwa mkutanoni, mle mle ofisini. Wanahisa wenyewe ni familia tupu: mama mkwe, mwenye hisa nyingi na neno la mwisho, na mawifi wawili. Na familia ile ilikuwa na mtindo wake. Shemeji, ambaye sasa alitaka aitwe Mkurugenzi hata na mama yake mzazi, alisimama, akaruka kurasa zote, akasoma mstari mmoja tu wa chini: jumla ya mali. Jumla imezidi ya mwaka jana? Imezidi! Mawifi wakapiga vigelegele, soda zikafunguliwa, mkutano ukaisha.

"Umeona, shemeji?" Mkurugenzi alimwambia kila mara, akimsogezea sahani ya biskuti. "Mali inakua. Ulikuwa na wasiwasi bure."

"Nimeona, shemeji." Akala biskuti yake, akakunja karatasi, akaenda zake.

Baada ya mkutano wa tatu alifunga mlango wa chumbani, akazitandaza karatasi za miaka yote kitandani, moja kando ya nyingine. Jumla hakuiangalia kabisa. Jumla ni debe, alizoea kuwaambia makarani aliowafundisha zamani; usishangilie debe kujaa kabla hujatia mkono ukajua ni mchele au ni mchanga. Yeye alifuata kila mstari kwa kidole, kutoka mwaka hadi mwaka. Fedha za benki zinashuka, ingawa bado zilitosha kununua mashine nyingine kubwa. Sweta za ghalani zinapanda, maana yake zinafumwa na hazinunuliwi. Madeni ambayo kiwanda kinazidai shule nayo yanapanda, na baadhi ni ya shule zilizokwisha kufungwa milango. Lo! Hiyo ndiyo mali waliyokuwa wakiipigia vigelegele, sweta za kuliwa na nondo na madeni ambayo hakuna atakayeyalipa.

Kidole kikafika kwenye mstari wa mashine, kikasimama. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, tarakimu ni ile ile. Haikupungua hata senti. Akavaa miwani, akasoma tena. Karani yeyote anajua kwamba mashine huchakaa, na kila mwaka thamani yake lazima ikatwe kidogo, vile vile soli ya kiatu inavyoisha kwa kutembea. Hii imekaa miaka mitatu, bado kigoli.

"Mashine isiyochakaa," akasema peke yake, "ni mashine isiyokuwepo."

Na kweli, Bi Mkubwa alikuwa haonekani. Watu waliambiwa amehamishiwa tawi jipya, upande wa pili wa mji, na ukumbini zikabaki mashine ndogo ndogo. Sasa Bi Chujio akaelewa. Ameuzwa! Aliyemuuza akawa ananakili tarakimu ya zamani kila mwaka ili jumla isianguke, na kwa kuwa hesabu haijui, akasahau kumzeesha. Bi Chujio alicheka mpaka akaziba mdomo kwa mto.

Mtu mwingine angekimbia usiku ule ule kwa mama mkwe. Yeye hakwenda. Alimjua yule mama: mwana angepiga magoti, angelia kidogo, angesamehewa. Fedha za benki zingenunua mashine nyingine, na kiti angebaki nacho. Aanguke kutoka ngazi ya pili ajipanguse suruali? Hapana. Acha apande mpaka juu.

Akamwacha apande. Mkutano uliofuata alipiga makofi kuliko mawifi. "Hongera, Mkurugenzi! Marehemu angekuona!" Akamvika kilemba cha ukoka, na yule bwana akakivaa, akatamba mjini kwamba shemeji yake siku hizi ana akili.

Kati ya mkutano huo na uliofuata alikutana sokoni na mpiga pasi wa kiwandani, mama mtu mzima waliyeanza naye kazi.

"Mama, tunapunguzwa mmoja mmoja," mpiga pasi alimwambia. "Husemi na mama mkwe wako?"

"Vuteni subira," alimjibu. "Siku za mwizi ni arobaini." Akachagua nyanya zake, akaondoka.

Siku yenyewe ikafika. Mkurugenzi akasoma jumla kubwa kuliko zote, vigelegele vikapigwa, na Bi Chujio akainua mkono kwa adabu zote.

"Mkurugenzi, mali imekua mno. Na mama hajaliona tawi jipya. Kwa nini tusimpeleke leo akamwone Bi Mkubwa?"

"Kweli kabisa," akasema mama mkwe, akishika mkongojo. "Twendeni."

"Leo kuna fundi wa umeme kule, mama. Hakukaliki."

"Hatukai. Tunachungulia tu."

"Barabara ni mbovu."

"Si una gari jipya, kaka?" akauliza wifi mdogo, bila hila yoyote. Mkurugenzi akafuta jasho kwa tai.

Bi Chujio akasukuma biskuti pembeni, akazitandaza karatasi zake mezani. "Mama, miguu yako miaka mitano iliyopita ilikuwaje?"

"Nilikuwa napanda ngazi, mwanangu. Leo unaniona."

"Basi tazama. Bi Mkubwa hajazeeka hata siku moja."

Mama mkwe akafuata kidole, mwaka hadi mwaka. Alikuwa hajui hesabu, lakini kuzeeka alikujua. Akamgeukia mwanawe. "Mashine ya kaka yako iko wapi?"

"Niliiuza, mama. Mwaka ule ule wa kwanza. Nilikuwa nitairudisha…"

"Inuka kwenye kiti hicho."

Akainuka, watu wakimtazama. Jamani, utamu ulioje! Miaka mitano Bi Chujio alikuwa akiota kuinuka kule, na kulikuwa kuzuri kuliko ndoto.

"Na wewe, mwanangu," mama mkwe akamgeukia yeye, "ulijua lini?"

Angeweza kudanganya. Lakini chujio ni chujio. "Mwaka wa tatu, mama."

"Mwaka huo benki kulikuwa na nini?"

"Fedha za kununua mashine nyingine."

"Na leo?"

Bi Chujio akaweka kidole kwenye mstari wa benki. Zilizobaki hazikutosha hata mishahara ya mwezi mmoja.

"Basi mmekula wawili," akasema mama mkwe. "Huyu kala kwa mkono, wewe umekula kwa macho." Akachukua funguo za kiwanda mezani, akamrushia. "Kiti chako hicho. Kalia."

Akakalia. Mto wa bluu ulikuwa umelika, lakini ulimpokea. Shemeji amesimama ukutani bila pa kuweka mikono, na Bi Chujio alipomtazama bado alijisikia raha, raha ya kweli, hata aibu ya maneno ya mama mkwe haikuiondoa.

Mlango ukafunguliwa kidogo. Alikuwa mpiga pasi, uso umejaa furaha, na nyuma yake mafundi waliobaki.

"Mama! Tumesikia umerudi kitini! Haya tuambie, kesho tuje saa ngapi?"

Bi Chujio akaangalia funguo, akaangalia karatasi.

"Msije," akasema.