Dole Gumba Langu kwa Wakili

Miaka ile pamba ilipoachiwa kila mwenye fedha ainunue, mume wangu naye alitaka kuwa mnunuzi. Fedha hakuwa nayo. Alikuwa na nyumba yetu ya Bariadi, ambayo maji ya kufyatulia matofali yake niliyasomba mimi, na benki ilikubali kumkopesha akiiweka rehani. Kukopa harusi, kulipa matanga. Yeye aliiona harusi tu.

Alinikuta nasonga ugali, akanipaka wino wa kalamu, nikabonyeza dole gumba kwenye karatasi ya benki ya ridhaa ya mke. Sikuuliza kitu, sikuzoea kuuliza. Akaipeleka kwa wakili aliyekuja mjini siku za mahakama, akarudi amenuna. Alikuwa ameapa kwamba dole ni langu, ameliona kwa macho yake.

"Umeliona wewe," wakili alimjibu, "mimi sikuliona."

Kesho yake nikapakiwa kwenye baiskeli, nikaonekane.

Wakili mwenyewe alikuwa kijana, saizi ya mdogo wangu wa mwisho. Alidai barua ya mwenyekiti inayosema mimi ndiye mimi, akaniuliza kama Kiswahili chake nakielewa. Kisha akamwomba mume wangu atoke nje. Nilidhani sikusikia vizuri. Mtu aliyenitolea ng'ombe, ambaye nyumbani akikohoa tunanyamaza wote, alichukua kofia yake akatoka!

Wakili akanieleza kuwa deni lisipolipwa nyumba itauzwa, nasi tutahama. Akauliza kama nakubali kwa hiari yangu.

"Nikikataa?"

"Siweki muhuri, mama. Na bila muhuri benki haitoi hela."

Nilipoolewa, nani aliniuliza? Ng'ombe walikaguliwa nami niko jikoni, nasaga. Leo sheria ya nchi nzima imekaa kitako, inanisubiri mimi, ambaye siku hizo sikujua hata kusoma. Niliogopa ukubwa wa jambo lile kuliko nilivyomwogopa mume wangu. Nikasema sikubali. Wakili akafunika kalamu yake, akamwita mume wangu akamwambia, basi.

Njiani nilisubiri matusi. Mume wangu alikokota baiskeli mpaka nyumba ikaonekana. Hapo akasimama, akaniita mayu, jina la heshima ambalo hadi siku hiyo nilimsikia akimwita mama yake tu.

"Mayu," alisema, "sasa wewe unaonaje, tufanye nini?"