Karanga Zilivyomkana Lukresia

Lukresia wa Ngulyati hakuwahi kuugua kitu mpaka watoto wake walipoota ndevu. Alipokuwa msichana aliumwa na nyoka, na aliyelala kitandani wiki ile alikuwa nyoka. Mvua ya mawe ilimkuta shambani, akayaokota mawe yake, akayatumia kupozea uji. Kwa hiyo siku karanga zilipomkana, hakuna aliyesadiki, hata mimi wifi yake, ambaye husadiki mambo mengi yasiyo na miguu.

Ulikuwa ule mwaka pamba ilipopata wachumba wengi. Zamani ushirika ulikuja peke yake, ukanunua au usinunue, ukaondoka. Sasa walifika wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake, lori lake na redio yake. Pamba ilipeperuka kutoka kwenye malori, ikakaa juu ya miiba ya njiani, juu ya mapaa, kwenye nywele zetu. Ukitoka nje asubuhi ungesema mawingu yalilala Ngulyati, yakaamka na kuondoka bila kutandika kitanda.

Lukresia alipika kando ya godauni la pamba, akiwalisha wapakiaji. Chakula chake kilikuwa ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, akiyaunga kwa karanga alizosaga mwenyewe kwenye jiwe la mama yake. Harufu yake ilifika Bariadi kabla ya basi. Ng'ombe waliokuwa machungani waliisikia, wakageuka kurudi nyumbani jua likiwa bado utosini, na wachungaji wakawafuata nyuma bila ubishi.

Kwetu mwenye chungu huonja kwanza, mbele ya macho ya mlaji, ndipo mlaji naye anawe. Asipoonja, chakula hicho kina maswali. Basi siku hiyo Lukresia akachota mchuzi kwa upawa, akadondosha kiganjani, akalamba.

"Wifi," akaniambia, "ulimi unawasha."

"Ni pilipili."

"Sijaweka pilipili."

Mdomo wa chini ulitangulia kuvimba, wa juu ukaufuata. Kabla sijamaliza kucheka ulikuwa umekuwa mpana kiasi kwamba kuku angetagia juu yake na yai lisibingirike. Kisha koo lake likaanza kupiga mluzi, mwembamba, kama filimbi inayopulizwa nyumba ya tatu, na hapo kicheko kikaniishia. Tulimpakia nyuma ya baiskeli, kaka yangu Marcelo, ambaye ndiye mumewe, akakanyaga mpaka zahanati kama mtu anayekimbizwa na nyuki.

Alichomwa sindano. Uso wake ulipoanza kumrudia, mganga akakaa mbele yake.

"Mama, una mzio. Mwili wako umezikataa karanga."

"Tangu lini?"

"Tangu leo."

"Nimezila tangu sina meno."

"Hutokea. Mtu anakula kitu maisha yake yote, halafu siku moja mwili unageuka. Ukizila tena, koo linaweza kufunga kabisa kabla hujafika hapa."

Marcelo alimsukuma kwenye baiskeli njia nzima akitikisa kichwa. "Mimi hata mbuzi hajanikataa," alisema. "Mke wangu anakataliwa na karanga."

Lukresia alikuwa akitazama mashamba ya karanga yakipita, majani yake ya kijani yamekaa kimya kama watu waliosikia wakitajwa.

Tangu hapo alianza kuota. Aliniambia ndoto ni ileile. Mwanamke mfupi, mnene, aliyevaa sketi nyekundu nyepesi kama ganda la ndani la karanga, anasimama mlangoni. Haingii. Lukresia anamkaribisha kiti, anamwita kwa jina la utoto, anamwambia, tulilelewa mgongo mmoja mimi na wewe, mama alinitafunia wewe kabla hajanipa uji. Yule mwanamke anasikiliza kwa adabu, kisha anasema, "Sikujui, mayu," neno letu la kumwita mama yeyote. Anaondoka, sketi ikichakarika. Lukresia anaamka mikono ikimuwasha, na nje pamba inaelea polepole kama inamtafuta mtu.

Kazi hakuiacha. Mimi nilisaga karanga, yeye akakoroga chungu amejifunga kitambaa puani, na kuonja nikaonja mimi. Siku moja nilipokuwa nikisaga, vumbi la karanga lilimtua mkononi. Ngozi ikainuka palepale, vipele vikubwa vyekundu, kama vichuguu baada ya mvua. Aliutazama mkono ule kwa muda mrefu, akauosha.

Lakini wapakiaji wana macho. Mmoja akasukuma sahani yake.

"Mwenye chungu mbona haonji?"

"Anaumwa," nikasema.

"Anaumwa na chakula chake mwenyewe?"

Maneno hayo yalipanda lori. Yalishuka Nkoma yakiwa yamenenepa. Huko walisema yuko mwanamke Ngulyati anapika asichokula, amejifunga mdomo ili mvuke usimuue. Na Nkoma ndiko alikokuwa Minza, binti aliyechumbiwa na Josia, mwana wa Lukresia. Wakwe walikuwa wamepanga kuja kuchagua ng'ombe wa mahari zizini kwa Marcelo. Sasa ikaja salamu kutoka kwa Milembe, shangazi wa binti, ambaye ndiye mwenye sauti katika ukoo ule.

"Nyama tunayo," salamu zilisema. "Tunakuja kula nsansa ya karanga ya mama Josia. Aonje yeye mwenyewe, kwa upawa wake."

Josia alisikia, akaenda kukaa nyuma ya zizi, na jioni ng'ombe walipoingia hakuwahesabu wala hakuwaona.

"Nitaonja mimi," Marcelo akasema.

"Wewe chungu unakijulia wapi?" Lukresia akamuuliza. "Watacheka, halafu wataondoka."

Mimi nikampa yangu. "Funga midomo, gusa upawa, meza mate. Nani atajua?"

"Milembe hatazami midomo, anatazama koo. Bwana mmoja alimkaribisha pombe, akajifanya kuonja. Milembe akauliza, mbona kidude cha koo hakijapanda? Aliondoka na watu wote, na binti hajaolewa pale mpaka leo."

Akakaa chini, akalipapasa jiwe la mama yake kwa nyuma ya kidole, mahali pasipo na karanga.

"Nisipoonja, Josia anamkosa Minza," akasema. "Nikionja, Josia anamkosa mama."

Siku ilifika bila upepo. Wakwe walitokea kwenye njia ya mashambani, na kwa jinsi pamba ilivyokuwa imetanda pembeni, miguu yao haikuonekana. Walikuja kama wanaelea. Mbele Milembe, mrefu, kanga ya pili begani. Nyuma yake mzee Jilala, babu mdogo wa binti, hana jino hata moja ila ana njaa ya mwenye meno mengi.

"Mwadila," tukaamkiana, kila mmoja kwa zamu yake, bila haraka. Wakaingia zizini na Marcelo, wakapapasa nundu, wakatazama pembe, wakawatia alama ya majivu ng'ombe waliowapenda. Walikubaliana kuondoka nao siku hiyohiyo, chakula kikipita salama. Hayo ndiyo maneno ya Milembe, kikipita salama.

Chungu kikaletwa. Lukresia akapiga magoti kando yake, kitambaa puani. Uwanja ukanyamaza mpaka ukasikia kuku wakifikiri. Milembe akasogeza kigoda mbele, akakaza macho kwenye koo.

Lukresia akachota kwa upawa. Akangoja upoe. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, upande wa ndani ulio laini, akadondosha tone, na tone, na tone.

"Unaonjea mkononi?" Milembe akauliza.

"Siku hizi mkono ndio ulimi wangu. Subiri kidogo, mayu."

Tukasubiri. Uzi wa pamba ulikuja ukielea, ukazunguka uwanja kama mgeni anayetafuta pa kukaa, ukatua juu ya kofia ya Jilala. Ndipo ngozi ya Lukresia ilipoanza kuwa nyekundu. Kikainuka kipele, kikamwita mwenzake, wakapangana kama vibanda vya mnada.

Milembe akasimama. "Mmeona wenyewe. Sumu imejitangaza."

Josia akageukia ukuta. Nikakimbilia maji, nikamwosha wifi yangu mkono, naye hakuutazama. Alikuwa akimtazama Milembe.

"Ingekuwa sumu isingenichagua mimi peke yangu," akasema. "Leta na wako."

Milembe aliuangalia upawa. Alikuwa amekuja kumwona Lukresia akiogopa. Hakuweza tena kuogopa yeye, watu wote wakiangalia. Akapandisha kanga, akatoa mkono. Nikamdondoshea. Nilimwaga zaidi ya nilivyotumwa, mchuzi ukamfika kwenye kiwiko.

"Na sisi," wengine wakasema, maana hakuna aliyetaka shangazi afe peke yake. Nikapita na upawa. Nkoma nzima ikakaa uwanjani mikono mbele, kama watu wanaongoja chanjo. Jua likaipasha moto ile mikono, na harufu ya karanga ikaanza kupanda, tamu, ya taratibu, ikazunguka vichwa vyao, hata nzi wakasahau kutua, wakabaki hewani wamefumba macho.

Hakuna ngozi iliyoinuka.

Kisha nikamwona mzee Jilala anaupeleka mkono mdomoni.

"Wewe mzee," Milembe akasema, "unafanya nini?"

"Naangalia kama umevimba."

"Kwa ulimi?"

"Macho yangu hayaoni vizuri."

Akalamba kutoka kifundo mpaka kiwiko, akarudi njia ileile. "Haujavimba," akasema. "Lete mkono wako shangazi, niuangalie na huo."

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Marcelo, na kicheko chake kikawafungulia wengine. Wakaanza kujiangalia mikono, kila mtu na ulimi wake. Milembe aligeuka akatazama zizi kwa muda, kama anawahesabu tena ng'ombe. Alipotugeukia tena mkono wake ulikuwa mkavu.

"Kaa basi," akamwambia Lukresia, kwa sauti ya chini. "Tueleze hicho kitu."

Lukresia akamweleza, midomo, koo, baiskeli, sindano. Hata habari za yule mwanamke wa sketi nyekundu akamweleza. Milembe alisikiliza bila kukatiza. Kisha akanyoosha mkono kwenye beseni la maji, na watu wote wakanawa.

Walikula mpaka chungu kikaona aibu kuwa kitupu. Lukresia alikaa ng'ambo ya uwanja, upande ambao mvuke hauendi, na kichungu chake kidogo cha nsansa iliyopikwa kwa maziwa mgando. Milembe akamfuata huko na tonge lake mkononi.

"Nawa tena, mayu. Una karanga vidoleni."

Milembe akanawa tena, kwa sabuni, akapangusa, akachovya.

"Hii nayo imepikwa," akasema. Baadaye akauliza, "Ulimi hauzililii karanga?"

"Unalia. Naunyamazisha kwa maziwa."

Jioni walipoondoka, Josia alichukua fimbo ili awasindikizie ng'ombe. Hakuhitaji. Mikono ya wale watu ilikuwa bado inanukia karanga, na ng'ombe wa mahari waliwafuata wenyewe, kila mmoja na mtu wake, wakiwalamba viwiko njia nzima. Wanasema mzee Jilala alifika Nkoma akiwa amelambwa mpaka mikunjo imemtoka, na mkewe akamkatalia mlango akidhani ni kijana.

Minza aliletwa kabla ya mvua. Jiwe la kusagia alikabidhiwa yeye, na mgeni mgumu akija kwao mpaka leo, hakuna anayetazamwa koo. Mchuzi hudondoshwa mkononi.

Yule mwanamke wa sketi nyekundu alirudi mara moja tu katika ndoto. Hakuja mlangoni. Alipita kwa mbali, katikati ya pamba, amebeba ungo kichwani. Lukresia hakumwita. Alisimama upande ambao upepo hauendi, akainua mkono wa kushoto, na yule akainua wake.